Nimemsamehe, lakini siwezi kumwamini tena

"Shangazi, nilimkabidhi mdogo wangu akiba yangu, akaitumia yote. Aliomba radhi mbele ya mchungaji, nami nikatamka kwamba nimemsamehe. Sasa anataka tufungue biashara pamoja, na nikisita ananikumbusha kwamba Mkristo husamehe saba mara sabini. Kila nikimwona moyo unaniuma. Je, mimi ni mnafiki?"

Mwanangu, wewe si mnafiki. Umeumizwa, na maumivu hayaondoki siku ile ile msamaha unapotamkwa. Mdogo wako ameinukuu Mathayo 18 vizuri, ila ameishia njiani (wenye madeni hupenda kuishia hapo), kwa maana papo hapo Yesu anasimulia habari za mtumwa aliyesamehewa deni la talanta 10,000, fedha nyingi mno, kisha akamkaba koo mwenzake kwa ajili ya dinari 100. Wengi hudhani deni hilo la pili lilikuwa si kitu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, hivyo mtumwa yule alikuwa akidai jasho la siku 100. Yesu hakulikana deni lake, bali alimhukumu kwa kukosa rehema baada ya yeye mwenyewe kurehemiwa kupita kiasi.

Basi jipime hapo: je, unamkaba? Ikiwa kila ndugu wanapokutana unaisimulia habari ile ili aaibike, bado unatoza kile ulichosema umekiachilia. Hilo liache hata kama moyo haujatulia, kwa sababu kusamehe ni uamuzi, na huenda ukalazimika kuufanya upya kila unapomwona.

Kumkabidhi fedha tena ni jambo jingine kabisa. Yusufu, aliyeuzwa utumwani na ndugu zake, aliwalilia kwa siri walipomjia baadaye, lakini hakujitambulisha kwao mpaka alipomsikia Yuda, mmoja wao, akijitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wao Benyamini. Zakayo, mtoza ushuru, naye aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Mdogo wako amerudisha nini?

Mwambie kwa upole kwamba huna kisasi naye, kwamba biashara ya pamoja haitakuwapo kwa sasa, na umweleze waziwazi kama deni umelifuta au atalilipa kidogo kidogo. Lolote utakalochagua ni halali, mradi asiachwe akibahatisha. Akikasirika, usishindane naye kwa mistari ya Biblia, bali mwombe mchungaji aliyeshuhudia msamaha ule akae nanyi.