Mteja akitaka gia ya tano kwenye Hilux ya zamani

Mteja akikuletea Hilux ya miaka ya 80 yenye injini ya 22R na gia nne, akalalamika kwamba kwenye barabara kuu injini inalia mno, usikimbilie spana. Mkalishe kwanza, mweleze anachonunua. Kwenye gia ya nne propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, inazunguka sawasawa na injini. Gia ya tano ya W56, gia boksi ya Toyota yenye gia tano ambayo ndiyo ninayoipenda kwa injini hiyo, ina uwiano wa 0.85. Kwa hiyo mwendo alioupata kwa mizunguko 3,000 kwa dakika ataupata kwa 2,550. Kelele zinashuka na mafuta yanapona kidogo. Nguvu ya kuvuta mzigo haiongezeki hata chembe, na hilo umwambie kabla hajatoa hela.

Kununua ndiko wengi wanakopigwa. Kama gari ni la kuvuta nyuma tu, usichukue gia boksi ya 4x4. Mkia wake umetengenezwa kupokea transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, propela yako haitakuwa na pa kuingia. Dukani usidanganyike na usafi, kuosha kwa dizeli ni kazi ya dakika kumi. Mwombe muuzaji afungue nati ya chini, chovya kidole kwenye oili. Ung'aro kidogo wa shaba si neno, lakini ukigusa vipande vya chuma, nawa mikono uondoke. Kisha ingiza gia mojamoja, zungusha shafti ya mbele kwa mkono. Namba moja, karibu mizunguko minne mbele kwa mmoja nyuma. Namba tano, 17 mbele kwa 20 nyuma. Piga alama ya chaki kwenye shafti zote mbili uhesabu. Muuzaji atacheka, mwache acheke.

Papo hapo dai na vikorokoro vyake: lile kombe la mbele linalofunika klachi, foko, rilizi beringi, mauntingi, gia liva. Ukiviacha, utarudi mjini mara tatu kufuata kitu cha kuenea kiganjani. Klachi pleti nayo hesabu meno yake ya katikati, uyalinganishe na ya shafti. Usisahau beringi ndogo iliyo nyuma ya krenki: kama ncha ya shafti haiingii humo vizuri, hakuna kitakachokaa.

Kushusha na kupandisha kuna jambo moja nalisema kila siku kwa sababu liliniuma. Gia boksi ina uzito usio mbali na mfuko wa saruji. Siku moja, nikiwa bado mgeni wa kazi, tuliiingiza nusu, jeki ikayumba, ikaning'inia kwa shafti ya mbele wakati tunatafuta kibao cha kuegemeza. Dakika mbili tu. Tukafunga, tukawasha, klachi ikagoma kuachia na rivasi inasaga kama mashine ya kokoto. Tulipoishusha tena pleti ilikuwa imepinda kama sufuria iliyokanyagwa. Ishikilie mpaka bolti zikamate. Ikikataa kuingia usiivute kwa bolti, utavunja masikio ya kombe. Pleti haijakaa katikati, ipange upya. Na gari likae juu ya stendi, usiiamini jeki peke yake.

Krosi memba, kile chuma cha kukingama kinachobeba gia boksi, mara nyingi itabidi isogee, propela pia ikatwe au ibadilishwe. Pima matairi yakiwa chini, gari limebeba uzito wake, na uache sentimita 2 hadi 3 kabla kichwa cha propela hakijagonga ndani ya mkia. Kama propela ni vipande viwili, kinachokatwa ni cha mbele. Mpelekee fundi wa kukereza anayeweza kuibalansi, vinginevyo gari litatetemeka kwenye kilomita 80 na lawama itakuwa yako.

Oili weka ya daraja la GL-4, uzito 75W-90. GL-5 nyingi zina dawa zinazokula shaba ya sinkro, zile ringi zinazolainisha kubadili gia. Fungua kwanza nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga halafu ya kujazia ikagoma, gari halitoki hapo.

Waya wa taa za rivasi na kebo ya spidomita ni kazi ya nusu saa. Baada ya siku mbili tatu liite gari urudie kukaza nati za krosi memba na propela. Mteja wako akishaonja gia ya tano atataka kuitumia kila mahali, kwa hiyo mkumbushe: akiwa na tani moja ya viazi, mlima Kitonga atapanda na namba mbili kama zamani.