Uzamili wa Usalama wa Kompyuta Bila Kuacha Kazi

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, huu ni mwaka wangu wa nane katika kazi ya kusimamia seva na mitandao, na zamu za usiku huniangukia bila mpangilio. Nakusudia kusoma shahada ya uzamili ya usalama wa kompyuta huku nikiendelea na kazi. Wenzangu wanasema vyeti vya kitaaluma vinatosha. Nami naogopa hisabati, ambayo sijaigusa tangu nihitimu. Je, niisome kwa miaka 2 au 3, na nijiandae vipi?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na saa, maana ndizo zinazowashinda wengi kabla ya somo lenyewe. Katika mfumo wa Uingereza, shahada ya uzamili huwa na krediti 180, na kila krediti hukadiriwa kuwa saa 10 za kazi, ukijumlisha mihadhara, maabara, usomaji wa binafsi na mitihani. Hizo ni saa 1,800. Ukizigawa kwa miaka 2 utahitaji takriban saa 17 kila wiki, na kwa miaka 3 takriban 12, tena bila wiki hata moja ya mapumziko. Kwa mtu wa zamu kama wewe, ningechagua miaka 3 bila kusita, kozi moja kwa muhula. Kabla ya kulipa ada, uliza kama mihadhara hurekodiwa na kama mashine pepe za maabara (kompyuta za kuigizwa ndani ya programu) hufunguka saa yoyote, kwa sababu maabara ya saa kumi na mbili jioni haina faida kwa mtu anayeingia zamu saa hiyo hiyo.

Kuhusu vyeti, wenzako hawajakosea kabisa. Cheti cha CISSP, cha wataalamu wa usalama wa mifumo ya habari, kwa mfano, hudai uzoefu wa miaka 5, na waajiri wengi hukithamini. Lakini chukua kosa la Heartbleed, lililofichuliwa mwaka 2014 katika OpenSSL, programu ambayo seva nyingi huitumia kusimba mawasiliano yake. Msimamizi wa seva alitakiwa kusasisha programu, kubadilisha funguo na kuomba vyeti vipya vya seva (vya kidijitali, vinavyothibitisha utambulisho wake), kazi ambayo bila shaka unaiweza. Darasani unaweza kutakiwa kuusoma msimbo wenyewe mpaka uone mahali ambapo programu ilipokea ujumbe uliodai kuwa na urefu fulani, ikauamini bila kuulinganisha na urefu halisi, kisha ikarudisha hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva, pengine pamoja na manenosiri ya watu. Msimbo huo ulikuwa wazi kwa kila mtu kwa takriban miaka 2. Kwa nini haukuonekana mapema? Swali la namna hiyo ndilo la uzamili.

Hisabati isikutishe kupita kiasi, ingawa sitakudanganya kwamba haipo. Jipime kwa mfano huu wa RSA, mbinu ya kusimba ujumbe kwa ufunguo wa umma na kuufungua kwa ufunguo wa siri. Twaa namba tasa 3 na 11, uzizidishe upate 33. Ufunguo wa umma uwe 3, wa siri uwe 7. Kusimba namba 4, tafuta 4 × 4 × 4, yaani 64, ugawe kwa 33. Baki ni 31. Sasa zidisha 31 kwa yenyewe hadi ziwe 31 saba, ugawe tena kwa 33, na baki litakuwa 4 uliyoanza nayo. Ukiweza kueleza kwa nini 7 ndiyo inayofaa na si 5, uko tayari kwa kozi ya usimbaji fiche. Usipoweza, tenga miezi miwili ya hesabu za baki na uwezekano kabla ya muhula wa kwanza. Ongeza C kidogo, lugha ya kuandikia programu, maana mifano ya makosa ya kumbukumbu imejaa humo.

Jambo la mwisho ni tasnifu. Utavutiwa kuchunguza mtandao wa mwajiri wako, na ni mada nzuri, lakini usiuguse hata kwa jaribio dogo kabla ya kupata ruhusa ya maandishi inayotaja mifumo, tarehe na data utakayoondoka nayo. Kuwa na nenosiri la msimamizi si ruhusa ya utafiti. Ombi hilo lipeleke miezi kadhaa kabla, kwa kuwa huenda kamati ya maadili ya chuo ikataka kuiona barua hiyo kabla ya kuidhinisha mada yako.