Kuhama seva Mastodon: wafuasi wanakuja, machapisho yanabaki
Mastodon ni mtandao wa kijamii unaoendeshwa kwenye seva nyingi, yaani kompyuta za watu tofauti. Je, ukihamisha akaunti yako kwenda seva nyingine, machapisho ya zamani yanakufuata? Hapana, hayahami, yanabaki kule kule kwenye seva ya kwanza. Wanaohama ni wafuasi, tena bila wao kubofya chochote. Orodha ya unaowafuata wewe unaipakua kama faili la CSV (faili la maandishi lenye mpangilio wa jedwali), kisha unaipakia upande wa pili. Nimefanya hivyo mwenyewe nilipohamia seva yangu ya nyumbani. Anzia akaunti mpya: kwenye mipangilio yake itambulishe ile ya zamani, ndipo uende kwenye ya zamani uagize kuhama. Na tafadhali usingoje seva ya zamani ifungwe; ikizimwa kabla hujahama, wafuasi wote umewapoteza. Ukishahama, kuhama tena ni mpaka siku 30 zipite, kwa hiyo chagua vizuri.