Usigawe nguo zako kabla hujazisoma: jibu kwa anayetaka kuhamia mwonekano wa matajiri wa kurithi

Mdogo wangu, usilipe hiyo fedha Ijumaa. Umeandika kwamba umepata kazi yako ya kwanza hapa Mwanza, kwamba ulijibu maswali ya mtandaoni yakakuambia wewe ni mtu wa mwonekano wa "tajiri wa kurithi" (ule wa "old money", mavazi tulivu ya watu wa familia zenye mali ya vizazi), na kwamba zamu yako ya kupokea mchezo ikifika utanunua fungu zima kutoka kwa mshauri wa mavazi: koti la bleza, sweta la kufunga mabegani, suruali pana za rangi ya krimu na moka. Kisha ukaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba nguo zako za sasa umekwisha kuzifunga kwenye viroba ili uzigawe, kwa sababu mshauri amesema mtindo mpya haujengwi juu ya mabaki ya zamani. Umeuliza pia kuhusu rangi zinazopatana na ngozi yako, mahali pa kupata viatu kwa bei nafuu, na namna ya kusuka nywele zilingane na mwonekano huo. Maswali yote nimeyasoma, lakini macho yangu yamegota kwenye hivyo viroba.

Vifungue leo, kabla ya kumaliza kusoma jibu hili ukiweza.

Mimi ni afisa mikopo. Kazi yangu ni kuwafuata wateja walipo: asubuhi niko Mwaloni Kirumba kwa wafanyabiashara wa dagaa, mchana Mlango Mmoja kwenye mitumba, siku nyingine navuka na kivuko cha Kamanga, na mara nyingi napanda kwa miguu kwenda kwa wateja wanaoishi juu kwenye miamba ya Mabatini. Fungu nililouziwa mimi lilikuwa karibu sawa na hilo lako, na maneno niliyoambiwa yalikuwa karibu hayo hayo. Niligawa nguo zangu zote isipokuwa sare ya ukwaya na vitenge viwili vya misibani. Nikabaki na kabati lililopangwa vizuri kama dirisha la duka, lisilo na nguo hata moja ya kunitoa nyumbani na kunirudisha salama.

Koti lile lilikuwa na bitana ya poliyesta kuanzia begani hadi kwenye pindo. Wewe ni mgeni wa mji huu, kwa hiyo nikueleze hali yake. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ndiyo maana asubuhi kuna kibaridi kinachokufanya uamini kwamba koti ni wazo zuri. Ikifika saa nne jua limekwisha kupasha miamba, na miamba nayo huanza kukurudishia joto hilo kutoka chini. Poliyesta hainywi jasho. Hulizuia lile lililoko mwilini lisitoke, kisha hulisambaza hadi mahali ambapo hukutarajia. Nilikuwa nikivua koti mbele ya wateja na kulibeba mkononi, blauzi imeganda mgongoni, huku nimeshika daftari la marejesho kwa mkono mwingine. Suruali ya krimu ilipakwa grisi ya mnyororo siku ile ile ya kwanza nilipopanda bodaboda, na upana wake ulifagia kila ngazi ya mawe niliyopanda. Moka zina soli laini, na soli laini kwenye mwamba uliolowa mvua ya Machi ni hatari ya kuvunjika mguu, si suala la mitindo hata kidogo. Sweta la akriliki lilishika harufu ya dagaa wa Mwaloni, na hata baada ya kulifua na kulianika juani harufu ilikuwa bado imo kwenye nyuzi.

Hata hivyo, sitaki ukae ukidhani kwamba hasara kubwa ilikuwa fedha ya koti na suruali. Fedha niliilipa polepole ikaisha. Hasara iliyoniuma, na ambayo imenifanya nikuandikie kwa urefu huu, ni kwamba nilipotaka kurudi nyuma na kujiuliza napenda nini hasa, sikuwa na kitu cha kutazama. Nguo zako za zamani ndizo ushahidi pekee wa ladha yako uliokusanywa na mwili wako mwenyewe, bila kuulizwa maswali na mtu yeyote. Zile ulizozivaa mpaka kola ikachanika zinakueleza jambo moja, na zile ambazo bado zina mikunjo ya dukani zinakueleza jambo lingine. Mtu akikwambia uzigawe kwanza ndipo ujitafute, anakutaka uanze safari baada ya kuchana ramani.

Niseme wazi kuhusu washauri wa aina hii, kwa sababu huyo wako nina hakika hajakuuliza unafanya kazi gani. Wa kwangu hakuniuliza. Alitaka picha yangu moja, urefu, na uthibitisho wa malipo. Baada ya hapo alinitumia picha za wanawake waliosimama mbele ya majumba ya mawe wakiwa wamevaa sufu, akaniambia hao ndio mimi. Hakuuliza kama napanda daladala au bodaboda, kama nafua kwa mkono, kama kazini kwetu kuna kiyoyozi, wala kama ninainama na kuketi kwenye vigoda mara nyingi kwa siku. Baadaye nilikuja kujua kwamba muuzaji ambaye mshauri huyo alituelekeza kwake alikuwa akimkatia mshauri kamisheni kwa kila fungu lililouzwa. Mtu anayelipwa kwa sababu kabati lako liko tupu hawezi kukushauri ulitazame vizuri kabla ya kulitoa. Nina hasira naye mpaka leo, na sioni sababu ya kuificha.

Isitoshe, mionekano hii yenye majina haikushuka kutoka mbinguni ikiwa tayari. Kila mmoja una mahali ulipozaliwa na hali ya hewa iliyoulea. Bleza inahusishwa na vilabu vya kupiga makasia vya Uingereza katika karne ya 19, ambako wanafunzi walihitaji kitu cha kujikinga na baridi ya mtoni. Mwonekano wa msomi wa maktaba ya kale, wenye makoti mazito ya kahawia, umetoka kwenye vyuo vya nchi ambazo watu huwasha moto ndani ya nyumba. Na huo wa matajiri wa kurithi, mtu aliyeuuzia ulimwengu kuliko wengi ni Ralph Lauren, ambaye alizaliwa mwaka 1939 katika familia ya wahamiaji huko Bronx, New York, na mwaka 1967 alianza kwa kuuza tai. Hakurithi mashamba wala farasi. Alitazama watu waliomvutia, akachukua alichokiona, akakikata upya kwa jicho lake. Sasa wewe unataka kuvaa matokeo ya jicho la mtu mwingine kabla ya kutumia la kwako.

Mfano wa hapa nyumbani unao tangu utotoni. Kaunda suti, inayoitwa kwa jina la Rais wa kwanza wa Zambia, ilihifadhi heshima na mpangilio wa suti, ikaondoa tai, na mara nyingi ikakata mikono iwe mifupi. Wazee wetu waliivaa ofisini, kanisani na kwenye vikao vya posa bila kutokwa na jasho la bure. Hivyo ndivyo mwonekano wa kigeni unavyotakiwa kuingia kwenye kabati la mtu: unauliza sehemu gani inakufaa, unachukua hiyo, na nyingine unaiacha huko ilikotoka. Donna Karan alipotoa mkusanyo wake wa mwaka 1985 wenye vipande 7 vya kubadilishana, aliujenga juu ya siku nzima ya mwanamke anayefanya kazi mjini, kuanzia asubuhi hadi usiku. Mji wake ni New York na wako ni Mwanza, lakini mahali pa kuanzia ni pale pale, kwenye siku yako.

Sasa fanya hivi. Mwaga viroba vyote kitandani. Usitazame rangi wala mtindo kwanza, tazama uchakavu. Tafuta nguo zilizopauka kwapani, zilizoshonwa tena kwenye mpasuo, zilizobadilishwa zipu. Nguo uliyoipeleka kwa fundi ikarekebishwa badala ya kuitupa ni nguo uliyoipenda, hata kama leo unaionea aibu. Ziweke pembeni, uziguse moja moja, na ujiulize zinafanana wapi: kiuno kiko juu au chini, mkono unaishia wapi, shingo iko wazi kiasi gani, kitambaa kinaning'inia au kinasimama, mfuko uko wapi na unaingia nini. Allison Bornstein, mshauri wa mavazi wa New York anayejulikana kwa mbinu ya kueleza mtindo wa mtu kwa maneno 3, naye huchukua neno la kwanza kutoka kwenye nguo ambazo mtu huvaa mara kwa mara, kabla ya kuuliza anatamani kuonekana vipi.

Mimi nililazimika kuzitafuta nguo zangu kwenye makabati ya watu. Blauzi moja ya pamba ya bluu iliyoiva niliikuta kwa mdogo wangu anayeishi Buzuruga, akiwa ameivaa na anasonga ugali. Nilimwomba asimame karibu na dirisha. Mkono uliishia chini kidogo ya kiwiko, mahali ambapo hauhitaji kukunjwa mtu akinawa. Kola ilikuwa ndogo, isiyo na nakshi. Vifungo vilifichwa chini ya ukingo, na bega lilikaa pale pale penye mfupa. Nilisimama nikitazama nguo niliyoivaa kwa miaka, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kilichonivutia kwenye zile picha za majumba ya mawe. Haikuwa krimu, wala sufu, wala koti. Kilikuwa ni utulivu karibu na uso, mistari mirefu isiyokatizwa, na mshono unaokaa mahali pake. Vyote hivyo nilikuwa navyo, na nilivigawa kwenye mfuko wa salfeti.

Kutoka hapo nilinunua kitambaa cha pamba cha kadeti kule madukani Makoroboi, rangi ya bluu nzito isiyoonyesha grisi, nikampelekea fundi pamoja na ile blauzi kama kielelezo. Mwambie fundi wako apime ukiwa umesimama, kisha akupime tena ukiwa umeketi, kwa sababu kiuno cha mtu aliyeketi siyo kiuno cha aliyesimama, na mafundi wengi huliruka hilo. Suruali yangu ina marinda mawili mbele, mifuko inayomeza simu na kitabu cha risiti, na pindo linaloishia juu ya kifundo cha mguu ili lisifagie mawe. Tunaishi katika kanda ambayo pamba yake inalimwa Shinyanga, Simiyu, na hapa kwetu vijijini; kuvaa nailoni ya bei ghali juani kwa kuwa inafanana na kitu cha Ulaya ni dhuluma ya mtu kwa ngozi yake.

Kanuni ninayoisimamia ni hii, na naomba uishike kuliko yote niliyosema: usinunue nguo ya pili ya mwonekano wowote mpaka ile ya kwanza iwe imepita wiki nzima ya maisha yako halisi. Wiki nzima maana yake ni kazini, kwenye daladala, sokoni, kanisani au msikitini, ndani ya mvua, kwenye beseni la kufulia na chini ya pasi. Ikirudi Jumapili ukiwa bado unataka kuivaa Jumatatu, ongeza ya pili. Ikikushinda Jumatano, umepoteza bei ya nguo moja, na zile nyingine bado ziko kitandani zikikusubiri. Wanaouza kwa fungu wanaichukia kanuni hii, kwa sababu mtu anayejaribu kipande kimoja kwanza mara nyingi harudi kuchukua kilichobaki.

Kuhusu rangi, nenda mlangoni saa tatu asubuhi, shikilia kanga zako chini ya kidevu moja baada ya nyingine, mwambie dada au jirani akutazame macho yako na siyo kanga. Utapata jibu bila kulipa chochote.

Mchezo ukipokea Ijumaa, toa fedha ya kitambaa kimoja na ufundi wake, na inayobaki iache kwenye simu. Kabla ya hapo, chagua nguo tatu zilizochakaa kuliko zote kati ya zile za kwenye viroba, zipige picha kwa karibu, kola, kiuno na pindo, kisha uziweke hapa kwenye uzi huu wa majadiliano. Mimi nitazisoma pamoja nawe, na najua humu wapo mafundi watakaokwambia ni mshono gani wa kurudia na kitambaa gani cha kuulizia.