Ukiruhusiwa siku ileile ya upasuaji, utalala wapi?

Nilitolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji wa matundu madogo tumboni. Asubuhi nilikuwa mezani, jioni nikaruhusiwa. Majirani hawakuamini, lakini si jambo la majaribio: upasuaji huu wa matundu ulifanyika Ujerumani tangu mwaka 1985, na kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri, kurudi siku hiyohiyo ni salama.

Kabla ya kuruhusiwa, nesi alihakikisha nimekunywa uji bila kutapika, nimekojoa mwenyewe na nimetembea bila kizunguzungu. Kisha akauliza: "Mama, kwako gari linafika?"

Swali hilo ndilo lililonisaidia kuliko yote. Nakaa Bugarika, hapa Mwanza, juu kwenye mawe. Bodaboda inaishia chini, mengine ni ngazi. Nikizidiwa saa 8 usiku, nani atanishusha? Nikaenda kulala kwa mdogo wangu anayekaa Nyakato, bajaji inafika mlangoni.

Usiku bega la kulia likaniuma vibaya mno, nikajua ni moyo. Hakuna aliyenitahadharisha, na hilo liliniumiza. Shemeji akapiga namba ya wodi, tukaelezwa: tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili daktari aone vizuri, na inayobaki husumbua kiwambo kilicho chini ya mapafu, maumivu yakajitokeza begani. Huisha baada ya siku chache, na kutembea taratibu husaidia. Ila kifua kikibana au pumzi ikikata, hiyo si gesi, kimbilia hospitali.

Vivyo hivyo ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, tumbo likizidi kuvimba, ukatapika mfululizo, mkojo ukagoma, macho yakawa ya manjano, au maumivu yakapanda licha ya vidonge. Usisubiri kuche.

Saa 24 za kwanza uwe na mtu mzima nawe. Dawa ya usingizi haitoki mwilini mara moja. Mimi nilijiona mzima, nikainuka kuinjika chai, mkono ukatetemeka na sufuria; mdogo wangu akaninyang'anya. Pikipiki usiiguse. Mwenye ugonjwa wa moyo au kisukari kinachosumbua aombe kulazwa walau usiku mmoja.

Ndugu zangu wa Ukerewe, nawasihi, msipande meli ya Nansio siku hiyo. Ukizidiwa usiku ukiwa kisiwani, hospitali iliyokupasua iko ng'ambo ya maji. Kama una mtu huku mjini, Kirumba au Igoma, mpigie kabla ya tarehe ya upasuaji, usingoje hadi umeshika karatasi ya ruhusa.