Kwa nini risasi tano kwenye bastola ya matundu sita

Uliuliza kwa nini kwenye mashindano ya kikauboi bastola hujazwa risasi tano tu. Sababu iko kwenye nyundo. Bastola ya Colt ya 1873 na nakala zake za asili zina pini ya kupigia risasi iliyofungwa kwenye nyundo yenyewe, nayo nyundo ikilala juu ya tundu lenye risasi, pini inagusa fataki, yaani kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi. Bastola ikidondoka ikatua kwa nyundo, inalia. Mkato wa kwanza wa nyundo, ule wa mlio wa kwanza ukiivuta, huitwa wa usalama, lakini usiutegemee: ncha inayoushika ni nyembamba, kipigo kinaivunja.

Jaza hivi, mtutu ukielekea upande salama: vuta nyundo hadi mlio wa pili, ndipo silinda yenye matundu inazunguka. Fungua kilango cha kujazia, tia risasi moja, ruka tundu moja, tia nne mfululizo. Funga kilango, koki, yaani vuta nyundo hadi mwisho, kisha shikilia nyundo kwa dole gumba, bonyeza kifyatuo na uishushe taratibu. Itatua kwenye tundu tupu. Chungulia kwa ubavuni uhakikishe, na mwenzako kwenye meza ya kujazia naye aangalie.

Wageni wengi huishusha nyundo kutoka mlio wa pili bila kukoki kabisa. Hapo hesabu ya matundu inavurugika, na kile kichuma cha kufungia silinda kinaichora mstari kuizunguka. Mstari huo haufutiki.

Bastola za aina hii za kampuni ya Ruger za kuanzia 1973 zina kipande cha ndani kinachopeleka kipigo cha nyundo kwenye pini pale tu kifyatuo kinapobonyezwa, hivyo ni salama hata kwa sita, ila kanuni za SASS, chama cha mashindano haya, bado zinadai tano.