Risk ya watu sita si ya watatu

Ndugu yangu wa Kondele, umeuliza kwa nini mkicheza Risk, ule mchezo wa ubaoni wa kutekana maeneo kwenye ramani ya dunia, mkiwa watatu unashinda, ila mkiwa sita unatolewa wa kwanza. Ramani ni ileile, maeneo 42. Watatu mnaanza na maeneo 14 na vikosi 35 kila mtu. Sita, maeneo 7 na vikosi 20. Ukimvamia mmoja mnadhoofika wawili, wanne wanawatazama wakila mandazi.

Mkiwa sita, ng'ang'ania Australia: maeneo 4, mlango mmoja tu, eneo la Siam huko Asia. Teka eneo moja kila zamu upate kadi ya kubadilishia vikosi, basi. Watatu je? Usijifiche huko, vikosi 2 vya ziada kila zamu kwa kulishika bara zima ni vichache mno. Amerika Kaskazini inatoa 5. Na mwenye kadi nyingi akidhoofika, mmalize wewe, kadi zake unazirithi.